Upepo Sabini

Kwa miezi mitano ya mwanzo gari langu lilivuta tela huku limekaa kama mbwa anayesubiri mfupa: mkia chini, pua juu. Usiku taa zake zilimulika matawi ya miti badala ya barabara, na madereva waliokuja upande wa pili waliniwashia taa zao zote, kunitukana bila kufungua mdomo. Mimi nikawa nawapungia mkono kana kwamba wananisalimia.

Gari lenyewe ni Ford F-250 ya mwaka 2015, dizeli ya lita 6.7, milango minne. Nililinunua hapa Fort Worth, Texas, kwa mtu aliyekuwa ameshalinyanyua inchi 6 na kulivisha matairi ya inchi 35. Nilikuwa natafuta gari la kazi: kuvuta tela, kusogeza mashine ndogo za ujenzi na magari mabovu kwa watu wanaolipa kwa safari. Kwa kazi hiyo gari lililo chini ndilo bora, na hilo nililijua kabla sijatia sahihi. Lakini nilipopanda na kuona paa za magari mengine ziko usawa wa kifua changu, hesabu zote zikanitoka kichwani. Nilikuwa nimekaa miaka saba Marekani nikisukuma vitanda vya wagonjwa na kupanga maboksi ghalani. Nilitaka na mimi nionekane.

Siku hiyohiyo nikampigia Baba kwa video nimwonyeshe. Baba aliendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa zaidi ya miaka ishirini, baada ya kuanza kama utingo wa kulala juu ya turubai. Aliliangalia gari kwa muda mrefu, akaniambia nizunguke nyuma, akaangalia tena.

"Zuri," akasema. "Sasa mwanangu, mzigo unaufikia kwa ngazi?"

Nikacheka. Hakucheka.

Jambo ambalo sikulielewa wakati ule ni hili: kulinyanyua gari hakuliongezei nguvu hata kidogo. Kwa nyuma, aliyeniuzia alikuwa amepachika vipande vya chuma kati ya ekseli na springi za bamba. Basi. Springi ni zilezile zilizotoka kiwandani, zinapinda kwa uzito uleule, ila sasa zinapindia juu zaidi. Ukiweka tela lenye mzigo, shingo yake inalalia nyuma ya gari, mkia unashuka, na pua inapanda. Gari la kawaida likikaa hivyo ni aibu ndogo. Gari lililonyanyuliwa likikaa hivyo, mji mzima unaliona.

Dawa niliyoambiwa na kila mtu ni mifuko ya upepo. Siyo ile ya kwenye usukani inayofumuka ukigonga. Hii ni mipira minene, mmoja kila upande, inayokaa kati ya chasisi na ekseli ya nyuma, jirani na springi. Unaijaza upepo kama tairi, kupitia sindano ya kawaida kama ya tairi. Ukiwa na mzigo unaongeza, ukishusha unapunguza. Haiondoi springi za bamba, inazisaidia tu. Nikaagiza.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili tukaanza kazi mbele ya nyumba, mimi na mpwa wangu wa miaka kumi na tisa, anayesoma chuo hapa mjini na ambaye kazi yake rasmi ilikuwa kushika tochi. Kijitabu kilisema kazi ni ya saa chache. Tukapiga jeki, tukaweka vigingi vya chuma chini ya chasisi, tukaacha ekseli ining'inie. Tukafungua mipira ile midogo inayozuia ekseli isigonge chasisi barabara ikiwa mbaya, maana mfuko unakaa mahali pake. Tukafunga bamba la juu. Tukafunga bamba la chini. Tukaingiza mfuko.

Haukufika.

Yaani ulifika, lakini kwa kuvutwa. Ulikuwa umenyooka kama shingo ya kuku aliyeshikwa miguu. Mpwa wangu akamulika tochi, akasema, "Anko, hii imetengenezwa kwa gari la kawaida." Nikamwambia ashike tochi vizuri. Nikakaza bolti. Kitabuni ilikuwa imeandikwa wazi kwamba gari lililonyanyuliwa linahitaji vipande vya ziada vya kuziba pengo, lakini vipande hivyo vinauzwa peke yake, na mimi nilikuwa nimeshatumia pesa niliyotenga. Nilijiambia kwamba gari likishuka chini, pengo litapungua na mfuko utapumua.

Gari likishuka, ndiyo. Lakini barabara ina mashimo na matuta, na kila tairi la nyuma linapodondokea shimoni, ekseli inashuka tena na mfuko unavutwa tena. Mfuko wa kulia ulidumu siku nne. Siku ya tano ulichomoka kwenye kikombe chake, ukatoa sauti kama mtu anayekata tamaa, na mkia ukalala upande mmoja katikati ya maegesho ya duka la vyakula. Nikanunua mfuko mwingine, na mara hii nikanunua na vipande vya kuziba pengo. Kwa hiyo nililipa mara mbili ili nijue kitu nilichokuwa nimekisoma bure.

Mara ya pili tulifanya kwa adabu. Vipande vikakaa chini ya mifuko, na ekseli ikining'inia, mifuko ilibaki imelegea kidogo kama inavyotakiwa. Mipira ya kupitisha upepo tuliikata kwa wembe mkali, mkato ulionyooka kabisa, kwa sababu ukikata kwa koleo ncha inabanika na upepo unavuja. Upande wa kulia, ambako bomba la moshi linapita karibu, tukafunga bati la kuzuia joto. Hatukuunganisha mifuko miwili kwenye mpira mmoja. Kila mfuko tuliupa njia yake na sindano yake, maana ikiunganishwa, ukikata kona upepo unakimbia kutoka mfuko unaolaliwa kwenda ule mwingine, na gari linazidi kuinama palepale ulipotaka linyooke. Sindano zote mbili tulizitoboshea kwenye bampa, pembeni ya namba ya gari. Mwisho tukapaka povu la sabuni kila kiungo na kukaa tunatazama kama wavuvi. Kiungo kimoja kilitoa viputo. Tukakichomoa, tukakata upya, tukarudisha. Kimya.

Sheria za mifuko yetu ni chache. Usiendeshe chini ya upepo 5, hata gari likiwa tupu, maana mfuko unajikunja na kujitafuna. Usivuke 100. Kabla ya kupakia, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, andika. Pakia. Pima tena. Jaza hadi urudi karibu na namba ya kwanza. Na kuna sheria nyingine ambayo mpwa wangu aliisoma kwa sauti, mara mbili, kwa sababu ilikuwa ndani ya kisanduku chenye alama ya onyo: kufunga mifuko hii hakuongezi uzito ambao gari lako linaruhusiwa kubeba.

"Umesikia, Anko?"

"Nimesikia."

Nilisikia kama unavyosikia tangazo la ndege kuhusu mkanda.

Safari ya kwanza ya mzigo mzito ilikuja mwezi wa tatu. Mtu mmoja Abilene, maili 150 hivi magharibi mwa hapa, alikuwa na katapila dogo la kuchimbia mitaro na ndoo zake mbili za ziada, vyote viletwe Fort Worth. Malipo mazuri. Nilikuwa nayahitaji kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Marejesho ya mkopo wa gari yalikuwa nyuma miezi miwili. Barua za wenye mkopo nilikuwa nazichomoa sandukuni kabla mke wangu hajarudi kazini, naziweka chini ya kiti cha nyuma cha gari lilelile. Na nyumbani, mdogo wetu wa mwisho alikuwa mwaka wa pili chuoni Morogoro, na ada yake niliiahidi mimi, kwenye kikao cha ukoo, mbele ya watu, nikiwa nimesimama.

Abilene tulipakia jioni. Katapila likapanda, tukalisogeza mbele karibu na shingo ya tela ili ndoo zipate nafasi nyuma, tukafunga minyororo. Mkia ukashuka. Nikachomeka kompresa ndogo, nikajaza: arobaini, hamsini, sitini. Kwenye sabini gari lilikuwa sawa kabisa, kama meza. Nilirudi nyuma hatua kumi nikalitazama. Wallahi lilikuwa zuri. Nikapiga picha, nikamtumia Baba, bila kujali kwamba kwao ni usiku wa manane.

Kwenye barabara ya I-20, ukitoka Abilene kurudi mashariki, kuna mteremko unaoitwa Ranger Hill. Kwa mtu aliyepita Kitonga, ule si mlima wa kutisha. Lakini jioni ile kulikuwa na upepo wa Texas wa mwezi wa tatu, unaopiga kutoka ubavuni, na tulipoanza kushuka nilihisi kitu mikononi ambacho sikuwahi kukihisi: usukani ulikuwa mwepesi. Mwepesi sana. Nikiuzungusha kidogo, gari linafikiri kwanza, halafu ndiyo linageuka. Tela likaanza kutikisa mkia wake, kushoto, kulia, kushoto. Mpwa wangu akashika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Sikukanyaga breki za gari. Niliacha mafuta, nikabonyeza kwa kidole breki za tela peke yake, kidogo kidogo, mpaka likatulia. Tulifika chini tukiwa hatujasemezana.

Baadaye mpwa akauliza kwa sauti ndogo, "Si tumelinyoosha?"

Weatherford, karibu nusu saa kabla ya nyumbani, tuliingia kituo cha malori chenye mizani. Hapa Marekani mizani za namna hii ziko kwenye vituo vingi vya malori, na hakuna polisi: unalipa, unapanda, unapewa karatasi. Matairi ya mbele yanakaa kwenye bamba moja, ya nyuma kwenye la pili, ya tela kwenye la tatu. Karatasi ikasema: mbele pauni 4,000, nyuma pauni 6,300, tela pauni 11,400.

Nikafungua mlango wa dereva nikasoma kile kibandiko ambacho kila gari linacho na ambacho nilikuwa nakifunika kwa bega kila siku ninaposhuka. Gari lote lisizidi pauni 10,000. Ekseli ya nyuma isizidi 6,100. Mimi nilikuwa na 10,300 kwa gari, na 6,300 nyuma. Na pale mbele, ambapo gari bila tela, likiwa na vifaa vyetu vilevile, lilikuwa na 4,760, sasa kulikuwa na 4,000. Pauni 760, kama kilo 345, zilikuwa zimeondoka kwenye matairi yanayogeuza gari. Ndiyo maana usukani ulikuwa unaelea.

Sijui kilichonituma kufanya nilichofanya baada ya hapo. Labda ubishi. Niliegesha pembeni, nikafungua sindano zote mbili, nikaacha upepo utoke mpaka ukabaki 10. Gari likakaa chini kama zamani, mbwa na mfupa wake. Nikalirudisha polepole kwenye mizani na kulipia kipimo cha pili, ambacho ni bei ndogo.

Karatasi ya pili ilikuwa sawa na ya kwanza. Mbele 4,000. Nyuma 6,300. Hata nusu pauni haikuwa imehama.

Nilisimama pale na karatasi mbili chini ya taa, moja ya gari lililonyooka na moja ya gari lililokaa, na hazikuwa na tofauti isipokuwa saa zilizopigwa. Upepo sabini haukuwa umebeba chochote. Ulikuwa umebadilisha macho yangu tu. Mkia uliposhuka, angalau gari lilikuwa linaniambia ukweli.

Ilikuwa saa tatu na nusu usiku kwetu, saa kumi na moja na nusu alfajiri Mbeya. Simu ikalia, ni Baba. Ameamka kuswali, ameona picha.

"Limenyooka," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Mizani inasemaje?"

Nikamsomea namba zote. Baba hajui pauni, nikambadilishia kwa kilo kadiri nilivyoweza. Alikaa kimya, nikasikia jogoo wake. Kisha akanieleza kwamba enzi zao kuna madereva walikuwa wanaongeza bamba za springi, mbili, tatu, mpaka lori likipakiwa halishuki hata kidole. Wakifika mizani wanakamatwa kama wengine. "Mizani haiangalii springi," akasema. "Springi inamdanganya dereva peke yake. Na dereva akishadanganyika, anaingia Kitonga akiimba."

Siku hizi Tanzania na majirani zake wana sheria moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2016, na ukomo wa tani 56 kwa lori zima, na kila ekseli ina kikomo chake. Baba alistaafu kabla yake, lakini hesabu ya ekseli kwa ekseli ilikuwa kichwani mwake kama sala.

"Katapila liko wapi kwenye tela?"

"Mbele, Mzee. Ndoo ziko nyuma."

"Nani alikufundisha kuweka kichwa cha mzigo kwenye shingo?" Halafu, bila kungoja jibu: "Lirudishe nyuma. Hatua moja ya mguu wako. Usizidishe, tela likiwa jepesi shingoni litakuchapa zaidi ya ulivyochapwa. Upime tena. Ukimaliza nipigie."

Nikaenda kuomba ruhusa kwa mhudumu wa kituo, akatuonyesha uwanja wa nyuma usio na malori. Tukalegeza minyororo, nikawasha katapila, mpwa akanielekeza kwa tochi, na mara hii nilimsikiliza. Tukazitoa ndoo, tukasogeza katapila nyuma futi moja, tukazipanga ndoo upya, tukakaza minyororo. Tukarudi kwenye mizani mara ya tatu. Mhudumu alishaanza kutuzoea.

Mbele 4,200. Nyuma 5,560. Tela 11,940. Mzigo wote ni uleule, pauni 21,700, hakuna hata msumari tulioshusha. Lakini gari sasa lilikuwa chini ya pauni 10,000, ekseli ya nyuma ilikuwa chini ya kikomo chake, na mbele palikuwa na uzito wa kushika barabara. Mifuko ilihitaji upepo 35 tu kulinyoosha gari. Hiyo ndiyo kazi yake halali: mzigo ukishakuwa mahali pake, mifuko inakunyooshea taa na kupunguza kuyumba. Baadaye nilinunua kiungio cha tela chenye fito mbili za chuma kinachorudisha sehemu ya uzito kwenye matairi ya mbele. Mifuko peke yake haiwezi kufanya hivyo hata ukiijaza mpaka 100.

Nilimpigia Baba, nikamsomea. Akasema, "Haya. Nenda nyumbani taratibu," akakata, kwa sababu chai ilikuwa tayari.

Tulifika saa sita usiku kasoro. Mke wangu alikuwa hajalala. Mpwa akaingia ndani, mimi nikabaki nje najifanya nakagua minyororo. Kisha nikafungua mlango wa nyuma, nikatoa barua zote chini ya kiti, saba, na nikaingia nazo mkononi pamoja na karatasi tatu za mizani. Nikaziweka mezani. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, na yote yakapotea.

Alizipanga barua kwa tarehe. Hakuonekana kushangaa.

"Hizi mbili nilishaziona," akasema. "Ulizisahau sandukuni mwezi wa kwanza. Nikazirudisha."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja." Akavuta kalamu. "Kwa mwezi ni ngapi? Na ada ni ngapi? Acha kuniambia tutaona. Nipe namba."

Nikampa namba. Tulikaa pale mpaka karibu saa nane. Asubuhi nilimpigia mdogo wangu Morogoro nikamwambia kwamba ada itakuja kwa mafungu matatu, si kwa mkupuo kama nilivyoahidi kwenye kikao. Nilitegemea alie. Akaniambia, "Kaka, chuo chenyewe kinaruhusu mafungu. Nilikuwa naogopa kukwambia, nilidhani utaona nakudharau."

Gari bado liko juu inchi 6. Kulishusha ni pesa, na pesa ina foleni yake. Kila asubuhi kabla ya safari nachuchumaa nyuma ya bampa na kipimo cha tairi, kushoto, kisha kulia. Mpwa wangu amebandika nakala ya kile kibandiko cha mlangoni kwenye dashibodi, kwa herufi kubwa, mbele ya macho yangu. Na Baba, nikimtumia picha ya gari limepakiwa, halitazami tena. Anajibu neno moja tu: "Karatasi?"